Je, Kuosha Vikombe ni Karama?

Tangu tuchapishe makala juu ya karama za Roho, yaani vipawa ambavyo Roho Mtakatifu huwapa waumini, barua zimekuja kwa wingi, na nilipozipanga mezani niliona kwamba nyingi zinagusa jambo moja: utumishi wa mikono, ule usiohitaji kipaza sauti. Nimechagua tano. Nimezifupisha, na majina nimeyaondoa kama wenyewe walivyoomba.

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nimeokoka miaka 12 iliyopita, na kwa muda wote huo kazi yangu kanisani imekuwa kufika mapema, kufuta vumbi kwenye viti, kuweka maji mimbarani, na baada ya ibada kuosha vikombe vya Meza ya Bwana. Hivi karibuni tulikuwa na semina ya karama. Mwalimu aliwaomba wenye unabii wasimame, wakasimama. Kisha wenye kunena kwa lugha, wenye uponyaji, na walimu. Mimi na wenzangu wachache tulibaki tumeketi, tukaambiwa tufunge na kuomba mpaka tupate karama. Nimefunga, sijaona kitu. Je, Roho amenipita?

Mama yangu, Roho hakukupita. Kilichokupita ni orodha ya semina. Sidhani kwamba mwalimu wenu alikuwa na nia mbaya. Aliita karama zinazosikika, kwa sababu hizo ndizo rahisi kuzisimamisha ukumbini. Lakini fungua Warumi 12 umsome Paulo taratibu. Akiisha kutaja unabii, na kabla hajafika kwenye kufundisha, anaandika: "ikiwa huduma, tuwemo katika huduma yetu." Huduma imeketi katikati ya nabii na mwalimu, wala Paulo hatoi maelezo yoyote ya kuitetea, kana kwamba hakutarajia mtu angeshangaa kuikuta pale. Kwa Wakorintho, waraka wa kwanza sura ya 12 mstari wa 28, anataja "masaidiano" mara tu baada ya karama za kuponya wagonjwa, na aina za lugha zinakuja mwisho kabisa wa orodha hiyo. Neno la Kiyunani lililotafsiriwa kuwa masaidiano linapatikana mahali hapo tu katika Agano Jipya lote, na huenda ndiyo sababu wahubiri hulipita bila kusimama. Petro naye, katika waraka wake wa kwanza sura ya 4, hana orodha ndefu. Anazigawa karama zote mafungu mawili, akisema kwamba mtu akisema na aseme kama mausia ya Mungu, na mtu akihudumu na ahudumu kwa nguvu anazojaliwa na Mungu. Kwa hesabu ya Petro, basi, nusu ya karama zote zimo upande ule uliobaki umeketi siku ya semina yenu.

Naomba pia usome tena habari ya Matendo 6, kwa sababu nadhani tumezoea kuisoma vibaya. Husomwa kana kwamba mitume walikuwa wakiikwepa kazi ya chini ili wabaki na ya juu. Katika Kiyunani, neno ni lile lile moja, diakonia na kitenzi chake, mara tatu katika mistari minne: wajane walisahauliwa katika huduma ya kila siku, haipendezi mitume waliache neno la Mungu na kuhudumu mezani, nao watadumu katika kuomba na kulihudumia lile Neno. Meza inahudumiwa na Neno linahudumiwa. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, angeweza kutafuta neno la heshima zaidi kwa ajili ya mahubiri, naye hakulitafuta. Kisha angalia sifa walizotakiwa kuwa nazo watu wa kugawa posho ya wajane: wawe wameshuhudiwa kuwa wema, wamejawa na Roho na hekima. Yako makanisa leo ambayo hayaulizi hayo hata kwa anayepanda mimbarani. Sababu ya sharti hilo iko ndani ya habari yenyewe, kwa kuwa waliosahauliwa walikuwa wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, na walionung'unikiwa walikuwa Waebrania, yaani watu wa lugha na malezi tofauti ndani ya kanisa moja changa. Sahani ya mjane mmoja ikirukwa siku mbili mfululizo katika hali kama hiyo, kanisa linaweza kupasuka vipande viwili, na hakuna hubiri litakaloliunganisha. Watu saba wakachaguliwa, na majina yao yote, kuanzia Stefano na Filipo mpaka Nikolao mwongofu wa Antiokia, ni majina ya Kiyunani, wakawekewa mikono, na mstari unaofuata unasema Neno la Mungu likaenea.

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa, na pia kimetuponza. Mtume, mtumwa na mtumishi ni watoto wa mzazi mmoja, kitenzi kutuma, na Paulo anapojitambulisha kwa Warumi kuwa "mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume," msikilizaji wa Kiswahili anasikia undugu wa maneno hayo hata bila mwalimu. Lakini siku hizi ukisikia "mtumishi amefika," unajua kwamba anayeingia ni mhubiri, na kwamba nyuma yake kuna mtu aliyembebea begi. Yule wa begi hatumwiti mtumishi. Neno limepanda cheo na kuiacha kazi yake mlangoni.

Kuhusu vikombe vyako. Niliwahi kusimama nikimtazama mama mmoja wa usharika wetu akiviosha vile vya glasi, vidogo, vya Meza ya Bwana. Alishika kimoja kimoja, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha kutafuta alama ya midomo iliyosalia ukingoni, na akiiona alirudia. Nikamwuliza kwa nini hajipi nafuu, kwa maana vilikuwa zaidi ya 100. Akasema wapo washirika wawili wanaoogopa kukaribia Meza kwa sababu ya maradhi yao, wakidhani wenzao watawaogopa, na yeye huvipanga vikombe vyao pembeni ya sinia kwa namna ambayo wao wanaijua na wengine hawaijui. Mimi nilikuwa mchungaji wao kwa miaka kadhaa na sikuwa najua habari hiyo. Nilikuwa nimehubiri mara nyingi juu ya neema mezani. Yeye ndiye aliyekuwa anawafikisha.

Usiache kufunga na kuomba, ila badilisha ombi. Uliza Bwana nani mwingine anakwama kati ya mlango na Meza, nawe umwone. Wakikuambia kwamba Paulo alisema tutake sana karama zilizo kuu, waombe waendelee kusoma sura inayofuata, ile ya upendo.

Shikamoo Mchungaji. Mimi ni kijana wa chuo. Ikiwa Wakristo wote wameamriwa kutumikiana kwa upendo (Wagalatia 5:13), inawezekanaje kuhudumu kuwe karama ya baadhi tu? Na nitaitofautishaje karama hiyo na kipaji cha kawaida, au malezi ya nyumbani? Mama yangu alitufundisha kazi zote, na siamini kwamba kufagia ni muujiza.

Marahaba mwanangu. Mama yako alifanya vema, na kufagia si muujiza.

Swali lako la kwanza lina jibu jepesi kuliko linavyoonekana. Wote tumeamriwa kuamini, na bado Paulo anataja imani kati ya karama katika 1 Wakorintho 12:9. Wote tumeamriwa kurehemu, na bado Warumi 12:8 inamtaja mwenye kurehemu kama mtu wa karama yake. Amri inaweka sakafu ambayo sote tunasimama juu yake. Karama humpa mtu wepesi na uvumilivu unaowashangaza hata walio karibu naye. Hivyo asiye na karama ya huduma hana ruhusa ya kukaa, kama vile asiye na karama ya kutoa asivyo na ruhusa ya kufunga mkono.

Swali la pili nimelifikiria zaidi, na nitakupa mfano wa nyumbani kwangu badala ya kanuni. Miaka kadhaa iliyopita nilivunjika mkono wa kulia nikalazwa. Wageni walikuwa wengi, kwa kuwa mchungaji akiugua kanisa zima hufika, na wote waliniombea, wengine kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kila aliyeniletea maji aliyaweka kwenye kijimeza kilichokuwa kulia kwangu, upande uliofungwa bandeji mpaka begani, na walipokuwa wameondoka niliyatazama maji hayo kwa kiu. Siku ya tatu akaja mzee mmoja ambaye kanisani hutoa salamu na kunyamaza. Alisimama miguuni pa kitanda akitazama. Kisha akazunguka, akakisukuma kijimeza mpaka upande wa kushoto, akasogeza kikombe hadi ukingoni ambapo vidole vyangu vingekifikia, akageuza mpini unielekee, ndipo akaketi. Hakusema lolote juu yake, na sala yake ilikuwa na sentensi mbili.

Wageni wale wengine walinipenda kama yeye. Lakini yeye aliona. Nikiulizwa karama ya huduma inaanzia wapi, nasema kwenye macho, kabla ya mikono. Mwenye karama hii huingia chumbani na ule upungufu uliomo unamjia wenyewe: nani hana kiti, nani ameacha kuzungumza, taa ipi itazimika kabla ya ibada kwisha. Alama nyingine ni kwamba aliyehudumiwa haachwi mdogo. Niliweza kunywa maji mwenyewe. Kuna misaada inayokufanya ujione mzigo, na aliyetoa huondoka akiwa mkubwa kuliko alivyoingia. Nayo inaweza kuwa ukarimu wa namna fulani, ila harufu ya Roho sijaisikia humo.

Kati ya kipaji na karama mimi sichori mstari mkali. Katika Kutoka 31, Mungu anasema amemjaza Bezaleli roho ya Mungu, katika hekima na ujuzi, afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti kwa ajili ya hema ya kukutania. Je, Bezaleli hakujua kuchonga kabla ya siku hiyo? Nadhani alijua, na mikono iliyojazwa ilikuwa ile ile iliyokuwa na sugu za kazi. Roho hadharau alichofundisha mama yako. Anakichukua na kukipa mahali pa kwenda, kwa kuwa kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho, Paulo anasema, "kwa kufaidiana."

Wapo walimu wanaotenganisha karama ya huduma na karama ya masaidiano, wakisema kwamba ya kwanza huiona kazi iliyo wazi na kuifanya, na ya pili humshika mkono mtu fulani ili yeye aweze kuifanya kazi yake. Utengano huo unafaa kwa mafundisho, ingawa Maandiko yenyewe hayauchori. Ukitaka sura ya mtu wa masaidiano, msome Onesiforo katika 2 Timotheo 1. Paulo yuko kifungoni na wengi wa Asia wamemwepuka, naye Onesiforo anafika Rumi, anamtafuta kwa bidii mpaka anampata, wala haoni haya kwa ajili ya mnyororo wake. Fikiria kazi yenyewe: mji mkubwa, mfungwa asiyejulikana alipo, na kila mlango unaobisha unajitambulisha kuwa rafiki wa mshtakiwa. Hakuna mahubiri hata moja ya Onesiforo yaliyohifadhiwa.

Mchungaji, mimi ni msimamizi wa kamati ya huduma katika kanisa letu kwa miaka 9. Msiba ni mimi, harusi ni mimi, mkutano ni mimi. Funguo zote za jengo ziko kwangu. Mke wangu analalamika kwamba hanioni. Nami siku hizi nikiwaona vijana wameketi wakati nabeba meza, ninawachukia kabisa moyoni, kisha nasimama kuimba. Nilipojaribu kupumzika mwezi mmoja nilijisikia mwenye hatia nikarudi baada ya wiki mbili. Je, ninapoteza karama yangu?

Ndugu yangu, lala kwanza, kisha usome jibu hili kesho.

Karama hujaipoteza, umeitumia bila posho yake. Katika ule mstari wa Petro niliomwandikia mama wa barua ya kwanza, maneno ya mwisho ni "kwa nguvu anazojaliwa na Mungu." Kitenzi cha Kiyunani kilichotafsiriwa kujaliwa kilianza kama neno la mambo ya maonyesho ya Wayunani: kilimhusu raia tajiri aliyebeba gharama za kundi la waimbaji, akiwalipia mafunzo na mavazi, wao waimbe. Petro analichukua neno hilo na kusema Mungu ndiye mgharimiaji. Mwimbaji anayeuza shamba lake ili ajinunulie vazi hajaonyesha bidii kuliko wenzake. Hajamwelewa mfadhili wake. Nguvu anazotoa Mungu zina kipimo, na kipimo hicho nacho ni zawadi. Zikiisha saa mbili usiku, kazi ya saa tatu haikuwa yako.

Najua unamfikiria Martha, kwa maana kila mtu wa kazi huambiwa yeye ni Martha. Nimechoka kusikia akitukanwa. Katika Luka 10, Bwana hakumwambia aache kuhudumu. Alimwambia kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi, na jambo lililolifichua hilo ni kwamba Martha alikuja kwa mgeni kumshitaki dada yake Mariamu, aliyekuwa ameketi miguuni pa Yesu akisikiliza. Hapo ndipo barua yako inapofanana naye, pale uliposema juu ya wale vijana. Sasa mfuate Martha mpaka Yohana 12, siku sita kabla ya Pasaka, Lazaro aliyefufuliwa akiwa mezani. Imeandikwa kwa maneno machache: "naye Martha akawatumikia." Mariamu yuko miguuni pa Yesu tena, safari hii akimwaga marhamu ya thamani, na nyumba nzima inanukia. Yupo anayelalamika siku hiyo, lakini ni Yuda. Martha amebaki na kazi yake, na malalamiko yamehama.

Watawa wa zamani walilijua tatizo lako vizuri kuliko kamati zetu. Katika karne ya 6, Benedikto wa Nursia aliandika kanuni ya monasteri, na sura ya 35 inahusu wahudumu wa jikoni. Ndugu wote wahudumiane kwa zamu ya wiki, asiachwe mtu isipokuwa kwa ugonjwa au shughuli nzito. Walio dhaifu wapewe wasaidizi ili wasihudumu kwa huzuni. Anayemaliza zamu hufanya usafi siku ya Jumamosi, hufua vitambaa ambavyo ndugu hupangusia mikono na miguu, na yeye pamoja na anayeingia zamu huwaosha wote miguu. Vyombo hurudishwa kwa mtunza ghala vikiwa safi na vizima. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba, muda mfupi kabla ya mlo, wahudumu wanapewa kinywaji na mkate juu ya posho yao ya kawaida, ili saa ya kula ikifika wawahudumie ndugu zao bila kunung'unika. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa ameona mhudumu mwenye njaa akigawa chakula, na hakumhubiria. Alimpa mkate mapema. Nani kanisani kwenu hukupa mkate mapema?

Sasa neno gumu, unisamehe, kwa maana tumefahamiana kwa barua tu. Uliandika kwamba funguo zote ziko kwako, na nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa bila kujua kama ni malalamiko au fahari. Jiulize kwa uaminifu: kijana mmoja akipanga viti Jumapili ijayo, akavipanga tofauti na unavyopenda, utaviacha au utavipanga upya akiwa anakutazama? Wale vijana unaowachukia huenda waliwahi kusimama mara moja, wakaona meza ikitolewa mikononi mwao na mtu anayejua zaidi, wakaketi. Kuhitajiwa kunalevya, na mlevi wa kuhitajiwa hupumzika wiki mbili kisha hujisikia mwenye hatia. Yethro alipomwona mkwewe Musa ameketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, hakumsifu kwa bidii. Alimwambia jambo lile si jema, kwamba atajidhoofisha yeye pamoja na watu walio naye. Angalia hayo maneno "pamoja na watu." Uchovu wako unawachosha hata wale ambao hawajabeba kitu.

Kwa hiyo nenda kwa wazee wa kanisa na uwaambie tarehe, usiwaambie nia. Chagua kazi moja utakayobaki nayo, ile ambayo ukiifanya husikii saa zikipita, na nyingine zote ukabidhi pamoja na funguo zake. Mambo yataharibika kwa miezi michache. Viti vitachelewa, mtu atasahau kuzima taa. Vumilia, wala usipite jioni kuangalia. Jioni hizo mpe mke wako, ambaye naye ni jirani yako, na ambaye katika miaka hiyo 9 amekuwa akihudumia kanisa kwa kukosa mume, bila mtu kumweka kwenye kamati yoyote.

Mchungaji, mimi ni mzee wa kanisa. Tunataka kuwatambua hadharani wale wanaohudumu kimya kimya, lakini baadhi yetu wanapinga wakisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, na kwamba tukiwasifu tutawaharibia thawabu. Wengine wanauliza kama inafaa wote wafanywe mashemasi.

Mzee wangu, maneno ya Bwana katika Mathayo 6 yanamwonya mtoaji asijipigie panda mbele yake. Hayamwonyi aliyepokea asishukuru. Anayetumia mstari huo kunyamazia kazi ya mwenzake ameugeuza uwe mfuko wa kuficha deni.

Paulo hakunyamaza. Kanisa la Korintho, lile lililogombana juu ya lugha na unabii, linafungiwa waraka wake kwa habari ya nyumba ya Stefana, ambao, anasema, wamejitia katika kazi ya kuwahudumu watakatifu. Wamejitia, yaani hawakungoja barua ya uteuzi. Kisha anawaambia Wakorintho wawatii watu kama hao, na wawajue sana. Nimewahi kuona makanisa yakimtii mwenye sauti na mwenye fedha. Kumtii mtu kwa sababu anahudumu sijaona mara nyingi, na ningependa kuona mkijaribu. Fibi naye anatajwa mwanzoni mwa Warumi 16, mhudumu wa kanisa lililoko Kenkrea, bandari ya mashariki ya Korintho, na Paulo anakiri wazi kwamba amekuwa msaidizi wa watu wengi na wake yeye pia. Neno aliloitwa Fibi ni lile lile ambalo penginepo hutafsiriwa shemasi, na madhehebu yetu hayakubaliani juu ya uzito wake; sitajaribu kuumaliza ubishi huo kwa barua moja.

Juu ya kuwafanya wote mashemasi, nasita. Ushemasi ni ofisi yenye masharti yake katika 1 Timotheo 3, na karama ni kitu kingine, ingawa ni vema vikutane ndani ya mtu mmoja. Mkimpa kila mwenye huduma cheo, mtawafundisha vijana kwamba huduma ni ngazi. Mwaka wa 112 hivi, gavana wa Kirumi aitwaye Pliny alimwandikia kaisari Trajan juu ya Wakristo wa Bithinia, akaeleza kwamba aliwatesa wanawake wawili watumwa ili apate ukweli, wanawake ambao Wakristo wenzao waliwaita wahudumu. Majina yao hakuyaandika. Mbele ya sheria walikuwa mali ya mtu, na katika kanisa waliitwa wahudumu, jina ambalo mtume Paulo alilitumia kwa ajili yake mwenyewe na mhubiri mwenzake Apolo. Watambueni watu wenu kwa namna hiyo: wataje kwa majina katika sala za Jumapili kama mnavyomtaja mchungaji, wasikilizeni katika vikao kabla hamjaamua juu ya jengo wanalolifagia, na wakiugua muwahi kufika. Vyeti na mashada vinaweza kungoja.

Mchungaji, nina karama ya kufundisha, na imethibitishwa na wazee. Kanisani kwetu tunaombwa wote kubaki baada ya mkutano kubeba viti. Je, si kuzichanganya karama?

Mwalimu mpenzi, baada ya meli kuvunjika pwani ya Malta, watu 276 walifika nchi kavu wakiwa wamelowa, mvua ikinyesha na baridi ikiwapo. Wenyeji wakawasha moto. Matendo 28 inasema kwamba Paulo, ambaye kufundisha kwake kulikuwa kumethibitishwa na wengi, alikusanya mzigo wa kuni akauweka motoni, na hapo ndipo nyoka alipotoka na kumzongazonga mkononi. Alimkuta kazini.